Sura ya Tano: Mweusi Asimsikie

Shaushi Sumari, kiongozi wa askari wa boma la Wajerumani, alirudi Arusha asubuhi ya Alhamisi akiwa na matope hadi magotini na mikono mitupu. Kutwa ya jana yake alikuwa amefuata alama za gari la ng'ombe kutoka nyuma ya boma hadi Usa River, mvua za vuli zikimpiga mgongoni, na mwisho wa alama hizo hakukuta ila gari lenye magunia matupu na dereva aliyekuwa akipiga miayo. Mtu aliyemtafuta hakuwamo. Alikagua shamba zima la Bwana Weidlich, mlowezi wa huko: ghala, zizi, vibanda vya vibarua, hata tanuru la matofali. Vibarua walimtazama kama watu wanavyomtazama chui aliyeingia zizini mchana. 

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wajumbe watatu wa Baraza la Berlini, lile linalokaa huko Ulaya na kuamua serikali ya Kaizari ipewe nini na inyimwe nini, walikuwa wamefika kutazama kama reli iliyoishia Moshi iongezwe hadi Arusha. Njiani mmoja wao, Bwana Tröger, alinong'onezwa kwamba kibarua aitwaye Lomayani aliuawa kwa kiboko katika shamba la Weidlich, akazikwa kimyakimya, na ndugu zake wakaambiwa ametoroka. Shahidi alikuwa mmoja tu, mwendesha magari wa shamba hilohilo, jina lake Lemburis. Ikapangwa aseme mbele ya wajumbe Jumatano asubuhi. Jumatano hiyohiyo, kabla jua halijachomoza, Lemburis akatoweka kama moshi.

"Mtafute," Bwana Mkubwa wa boma alimwambia Sumari. "Wageni wamemwomba, na mimi nimeahidi. Mmoja wao, Bwana Hövel, anaondoka keshokutwa Ijumaa. Sitaki aondoke akisema Arusha watu hupotea."

Sumari alikuwa Mmeru wa Poli, mtu wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukaza jicho moja anapofikiri. Wenyeji wa mlimani hawakumpenda kwa sababu ya sare ya Wajerumani aliyovaa. Wazungu nao walimtumia tu, kama panga. Hilo alilijua na hakulizungumzia.

Hakwenda kambini kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa Marta.

Marta alikuwa dada wa Lemburis, Mwarusha aliyebatizwa, mjane, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za wageni wa hoteli ndogo iliyokuwa ng'ambo ya kijito. Ndiye aliyemlaza kaka yake usiku wa kuamkia Jumatano. Sumari alimkuta uani akichambua maharage katika ungo.

"Takwenya, mama."

"Iko," alijibu Marta bila kuinua uso. "Umempata?"

"Sijampata. Nataka kuona tena alipolala."

"Uliona jana."

"Jana niliangalia mlango. Leo nataka kuangalia kitanda."

Marta akampisha. Chumba kilikuwa kidogo, kisafi. Juu ya ngozi ya ng'ombe palikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri, ncha kwa ncha. Sumari alichuchumaa akalitazama kwa muda.

"Nani amelikunja?"

"Yeye mwenyewe. Mimi nimelikuta hivyo."

"Nini hakipo?"

"Fimbo yake. Na ile lubega nyekundu mpya niliyomfulia kwa ajili ya siku ile."

"Viatu?"

"Makubazi ya kawaida kayaacha. Kavaa yale mazuri."

Sumari akasimama. "Mama Marta, mtu anayebebwa kwa nguvu hakunji blanketi. Wala hachagui makubazi. Kaka yako alikwenda kwa miguu yake, na alikwenda kama mtu anayekwenda barazani. Kuna aliyekuja kumwita, na aliyemwita alikuwa na neno la kumfanya aamini kwamba saa imefika."

Marta alifungua kinywa aseme neno. Lakini macho yake yalishuka kwenye kiboko kilichoning'inia mkandani mwa Sumari, na neno lile likarudi tumboni. Sumari aliliona likirudi. Alikifungua kiboko, akatoka akakitundika juu ya ua, mbali, kisha akarudi.

"Sema," alisema.

"Hutaamini. Utasema mwanamke wa kufua nguo anajifanya anajua Kijerumani."

"Unakijua?"

"Nakijua cha nguo. Nguo nyeupe, nyeusi, nyekundu, mbichi, kavu, leo, kesho, na amri za kila siku: sikia, ngoja, ondoka. Jana mchana nilikuwa napiga pasi nyuma ya hoteli. Kuna ukuta wa mbao tu. Wazungu wawili walikuwa wakinywa kahawa upande wa pili. Mmoja namjua sauti, ni Bwana Weidlich. Mwingine ni mgeni wake, yule mjumbe mwembamba wa miwani, Bwana Quast. Wakataja jina la kaka yangu, kisha Weidlich akasema: mweusi asimsikie. Akasema mara mbili. Mweusi asimsikie, mpaka aondoke."

"Mweusi."

"Ndiyo. Neno hilo silikosei, kila siku nalitumia kwa soksi." Marta akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mweusi ni nani hapa, Shaushi, kama si wewe? Wanasema wewe usimsikie kaka yangu, mpaka uondoke. Labda utahamishwa. Labda zaidi ya kuhamishwa. Ndiyo maana sikusema."

Sumari alikaza jicho. Neno lile halikukaa vizuri. Weidlich hakuwa mtu wa kumwogopa shaushi. Shaushi akisikia jambo, atafanya nini? Ataliripoti bomani, na bomani litalala. Lakini kama si yeye, basi mweusi gani mwingine alikuwa akitazamiwa kumsikia Lemburis? Alikuwako mmoja tu. Mkalimani.

*

Kaanaeli, mkalimani wa wajumbe, alikuwa kijana wa Kimeru aliyesoma misheni, mwenye koti la Kizungu na shingo ndefu. Sumari alimvizia nje ya hoteli, karibu na banda la wanyama, wakati wageni walipokuwa mezani.

Alipokuwa akimngoja, macho yake hayakukaa bure. Bandani mlikuwa na punda watatu, farasi mmoja, na nyumbu wawili wa kupandwa, wale wazaliwa wa punda na farasi. Punda na farasi walikuwa na matope meusi mpaka tumboni, kama kila chenye miguu mjini siku ile. Nyumbu wale wawili walikuwa na tope la kwatoni tu. Juu ya kwato miguu yao ilikuwa mikavu, imepakwa vumbi jeupe la kijivu kama majivu ya jikoni, na mikiani mwao miiba midogo ilikuwa imenasa. Sumari alipangusa vumbi lile kwa kidole, akalinusa, akajifutia surualini. Kisha Kaanaeli akatokea.

"Shaushi, shikamoo."

"Marahaba. Nani alijua jina la shahidi kabla ya Jumatano?"

Kaanaeli akarudi hatua nyuma. "Mimi. Bwana Tröger. Bwana Mkubwa."

"Na nani mwingine?"

Kaanaeli aligeuka kutazama mlango wa hoteli.

"Kaanaeli, mimi na baba yako tulitahiriwa msimu mmoja. Usinifanye nimwendee yeye kwanza."

"Bwana Weidlich aliniuliza," alisema kijana yule. "Yeye ndiye anayewaongoza wageni. Akaniuliza kama anayeuliza hali ya hewa. Jina lake nani huyo mtu, analala wapi. Nikamwambia. Nilidhani anataka kumtumia nauli. Sikujua, Shaushi. Naapa sikujua."

"Alikuuliza nini tena?"

"Aliuliza ni mabwana wangapi watakaomsikiliza. Nikasema watatu wote. Akasema, hata Hövel? Nikasema, hata Hövel, yeye ndiye aliyesisitiza. Bwana Weidlich akakunja uso, akaondoka."

"Je, alikutisha wewe? Alikuambia usitafsiri?"

"Mimi? Hapana. Hakunijali kabisa."

Sumari alimwamini. Kijana huyu alikuwa na hofu ya mtu aliyeropoka, haikuwa hofu ya mtu aliyeuza. Na kama Weidlich hakumjali mkalimani, basi mweusi yule hakuwa Kaanaeli. Sumari alihisi ametembea mzunguko mzima wa zizi akarudi mlangoni.

"Bwana Tröger yuko wapi?"

"Anavaa buti. Anasema anataka kwenda kwa dada wa shahidi mwenyewe, kumpa pole."

"Vema. Twende naye. Na safari hii tafsiri kila neno, hata lililo chungu."

*

Hakuna Mzungu aliyewahi kuketi uani kwa Marta. Bwana Tröger aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, kofia mapajani. Alikuwa mtu mnene wa mikono mikubwa. Kaanaeli alieleza kwamba kabla ya kuchaguliwa alikuwa mfua vyuma. Alimpa Marta pole, kisha akamgeukia Sumari.

"Anauliza kama umekata tamaa," alisema Kaanaeli.

"Mwambie bado. Muulize jambo moja. Kati ya wajumbe hawa, nani ataumia zaidi Lemburis asiposema?"

Tröger alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akajibu kirefu.

"Anasema, si yeye. Yeye na chama chake wamekwisha kupiga kelele juu ya viboko vya huku mpaka Baraza limewazoea kama mbwa wa jirani. Akisimama akasema mtu ameuawa Usa River, watasema, haya, Wekundu wameanza tena."

"Wekundu?"

"Ndivyo wanavyoitwa. Chama cha wafanya kazi. Kila chama kina rangi yake."

Sumari akainamisha kichwa mbele. "Rangi?"

Tröger aliona uso wa shaushi umebadilika. Akatazama huku na huku, akavuta ungo wa Marta, na kwa ruhusa ya mwenyewe akaanza kupanga maharage juu ya jiwe. Alirundika mekundu kwanza, fungu kubwa.

"Hawa ndio wao," alitafsiri Kaanaeli. "Tangu uchaguzi wa mwaka jana, hakuna chama chenye watu wengi kuliko wao katika Baraza. Lakini angalia, wengi kuliko kila mmoja si wengi kuliko wote. Hawafiki hata theluthi."

Mjumbe akachota kokoto za uani, akaweka upande wa pili wa jiwe. "Hawa ni wa buluu, mabwana wa mashamba makubwa. Bwana Quast ni wao. Wamepungua. Hizi punje za mahindi ni waliberali, wa aina mbili, siku hizi kwa mambo ya makoloni huwa pamoja na serikali. Hawa wachache wa pembeni ni Wapolandi, na watu wa Alsasi, na Mdenmarki mmoja peke yake." Mdenmarki alikuwa punje moja ya mtama, na Marta, pamoja na huzuni yake, alitabasamu.

"Sasa tazama. Mekundu upande huu, kokoto na mahindi upande ule. Reli ikiletwa mezani, hakuna upande unaoweza kushinda wenyewe."

"Nani anaamua, basi?"

Tröger akatia mkono ndani ya ungo, akachagua ngwara, jamii ya maharage. Nyeusi tii, zinazong'aa. Akazirundika katikati ya jiwe, kati ya pande mbili.

"Chama cha Wakatoliki. Wakienda huku, reli imepita. Wakienda kule, reli imekufa. Na Bwana Hövel ndiye anayewasemea katika mambo ya makoloni. Akisema yeye kwamba ameona kwa macho na kusikia kwa masikio, watamfuata."

"Nao wana rangi gani?" aliuliza Sumari, ingawa macho yake yalikuwa tayari juu ya ngwara.

Kaanaeli hakuhitaji kuuliza. "Weusi," alisema polepole. "Huko kwao Hövel huitwa Mweusi. Kwa ajili ya kanzu za mapadri."

Marta aliachia kitambaa kilichokuwa mkononi mwake.

Sumari akasimama, akaanza kutembea uani, huku na huku, kama simba wa kwenye tundu. Alizungumza haraka, zaidi kwa nafsi yake.

"Mweusi asimsikie mpaka aondoke. Weidlich anaitaka reli, na Mweusi akisikia habari za Lomayani ataikataa. Basi hawakutaka kumuua Lemburis. Hawana haja. Wanataka kupitisha siku mbili tu. Mweusi akishapanda gari la moshi Moshi, Lemburis anaweza kusema mpaka ateguke taya. Muulize, Bwana Hövel akitoka hapa kesho analala wapi?"

"Usa River. Kwa Bwana Weidlich. Jumamosi asubuhi anaendelea Moshi."

"Basi nimepoteza siku bure! Humfichi mbuzi katika nyumba uliyomkaribisha mwenye mbuzi. Lile gari la ng'ombe lilipelekwa mashariki ili nilifuate mimi. Lemburis yuko upande mwingine." Akasimama ghafla. "Kaanaeli. Nyumbu wale wawili bandani, ni wa nani?"

"Wa Bwana Weidlich. Walirudi jana jioni."

"Kutoka wapi?"

"Sikuuliza."

"Nami sina haja ya kuuliza. Huku kwetu kote ni tope tangu Jumapili, mpaka Usa, mpaka Moshi. Vumbi jeupe lile liko upande mmoja tu wa mlima, kule mvua zisikofika. Weidlich ana ng'ombe wapi?"

Ni Marta aliyejibu. "Oldonyo Sambu. Ana boma la ng'ombe kule. Waarusha wenzetu wanamchungia."

Tröger alitaka kwenda pia. Sumari alikataa. Akimwona Mzungu barabarani, alisema, kila mchungaji atakuwa mjumbe wa Weidlich. Alimwomba jambo moja tu: amshawishi Hövel achelewe. Tröger alitikisa kichwa. Hövel hawezi kuchelewa, gari la moshi halimngoji mtu.

"Basi nitawahi mimi," alisema Sumari, akachukua kiboko chake kutoka juu ya ua, akakitazama, akakirudisha palepale kilipokuwa. "Nitunzie hiki, mama. Huko niendako kitanifungia midomo ya watu."

*

Alipofika sehemu za Oldonyo Sambu juu ya nyumbu wa boma, jua la Alhamisi hiyohiyo lilikuwa limeinama. Mlima ulikuwa nyuma yake sasa, umempa kisogo, na nchi ilikuwa kavu, nyasi fupi, upepo ukiinua vumbi lile jeupe likamwingia mpaka menoni. Aliona boma la miiba, ng'ombe wakirudi, na moshi mwembamba.

Mtu aliyempokea langoni alikuwa Simel, mkubwa wa wachungaji wa Weidlich, mwenye mkuki mkononi na wasiwasi usoni.

"Supai, Simel."

"Epa. Shaushi peke yake? Bila bunduki?"

"Bunduki iko kwenye tandiko. Nimekuja kumwamkia Lemburis."

Simel alitazama huku na huku. Angeweza kukana. Lakini ndani ya boma, mbele ya nyumba ya kwanza, mzee mwenye lubega nyekundu mpya alikuwa ameketi juu ya kigoda, fimbo kati ya magoti yake, kipande cha nyama mkononi.

Sumari alikaribia. Lemburis aliinua uso, na kitu kama furaha kikapita machoni mwake.

"Wamefika?" aliuliza.

"Kina nani, mzee?"

"Mabwana wa Baraza. Simel alikuja alfajiri ile, akaniambia mjini pana masikio mengi, mabwana watanisikiliza huku, mbali na Weidlich, nami nikamwamini kwa kuwa ni Mwarusha mwenzangu. Nimengoja. Nimeyapanga maneno yangu yote. Niwaanzie na siku yenyewe, au niwaanzie na kosa alilosingiziwa Lomayani?"

 Sumari alimgeukia Simel.

"Uliambiwa umweke mpaka lini?"

"Mimi ni mtu wa kutumwa, Shaushi."

"Sikuuliza wewe ni nani."

Simel alichoma mkuki wake ardhini. "Jumamosi jioni. Niliambiwa nimlishe vizuri, nisimguse, na Jumamosi jioni nimwachie aende zake. Sikumdhuru. Muulize."

"Uliambiwa na Weidlich mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake. Nami nina ng'ombe wangu humu ndani ya ng'ombe wake. Nikikataa, nitawapata wapi?"

"Utayasema hayo mbele ya watu?"

Simel aliwatazama ng'ombe. Kisha akasema, "Ukiniita mbele ya Bwana Mkubwa nitasema. Mbele ya Weidlich siwezi." Sumari aliona hilo lilitosha kwa siku moja.

Lemburis alikuwa amesikia yote. Nyama ilikuwa imemdondoka. Alikaa akiitazama ikipakwa vumbi.

"Kumbe nimekaa hapa nikila," alisema, "na mwenzangu yuko chini ya udongo, na saa yake inapita."

"Haijapita, mzee. Unaweza kupanda nyumbu tena?"

"Mgongo wangu haukupona tangu waliponipiga mimi. Lakini nifunge kama gunia, kama itabidi."

*

Safari ile Sumari hakuwahi kuisahau. Ijumaa nzima walikwenda kwa mwendo wa maumivu, mzee akishuka kila mara kunyoosha kiuno, anga mbele yao ikizidi kuwa nyeusi, mpaka vumbi likageuka tope na tope likawa mto. Walipofika Arusha jioni, Hövel alikuwa ameondoka tangu asubuhi, pamoja na Weidlich, Quast, Tröger na mkalimani. Mzee na Sumari walilala kwa Marta. Sumari alilala mlangoni, bunduki kifuani. Jogoo la kwanza lilipowika, walipoamka kushika njia ya Usa River, Marta hakuwapo. Alikuwa ametangulia, amepita njia ya mlimani, kumwita Namnyaki, mke wa Lomayani.

Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imepumzika, wajumbe walikuwa barazani mwa nyumba ya Weidlich wakimaliza kahawa. Wapagazi walikwisha kufunga mizigo. Weidlich, mtu wa shingo nyekundu, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa, ndiye wa kwanza kuwaona Sumari na Lemburis wakiingia. Alisimama. Alikuja mpaka ngazini, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Shaushi! Mtu huyu ni mtoro wangu. Mpeleke kibandani. Upesi."

Sumari alipiga saluti. 

"Siwezi, bwana. Mtu huyu anatafutwa kwa amri ya boma aje aseme mbele ya wageni. Nimempata. Mpaka aseme, yuko mikononi mwangu."

"Mimi ndiye nakuamuru!"

"Nimesikia, bwana."

Wala hakusogea. Ng'ambo ya meza, mtu mkubwa wa suti nyeusi, mwenye nyusi nene, ndiye Hövel, aliweka kikombe chini na kuuliza swali. Lilikuwa kwa Kaanaeli. Kijana yule alimtazama Weidlich, akamtazama Sumari. Kisha akatafsiri. Sumari hakujua Kijerumani, ila alisikia majina: Lemburis, Weidlich, Oldonyo Sambu. Kaanaeli hakuacha neno. Quast aliondoa miwani akaanza kuifuta, na aliendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

Hövel aliinuka. Akachukua kiti chake mwenyewe, akakishusha ngazi zote mpaka uani, akakiweka mbele ya Lemburis.

"Anasema ukae," alisema Kaanaeli. "Anasema atasimama yeye."

Lemburis alikaa. Akasema. Maneno aliyokuwa ameyapanga siku tatu yalimtoroka yote, akasema kwa mengine, yaliyokatikakatika, akirudi nyuma, akisahau, akikumbuka: jembe lililovunjika, kosa lililotafutiwa mwenyewe, Lomayani aliyefungwa kwenye gurudumu la gari, hesabu ya hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, iliyopita bila kusimama, maji aliyoyaomba. Hövel aliuliza mara chache tu. Nani alimpiga. Nani alikuwa akitazama. Alikufa lini.

"Uongo!" Weidlich alipasuka. "Lomayani alitoroka! Alikimbia, vibarua wote wanajua alikimbia!"

Lemburis alimgeukia. 

"Basi njoo, bwana, nikuonyeshe alikokimbilia."

Akasimama bila kusaidiwa, akaanza kutembea. Hövel akamfuata, kisha Tröger, kisha Kaanaeli. Weidlich alibaki ngazini kwa muda, halafu naye akafuata, akisema jambo kwa haraka ambalo hakuna aliyelijibu. Sumari alikuwa wa nyuma. Vibarua walikuwa wametoka vibandani, wamesimama pembeni mwa njia, na lango lilipofunguliwa wanawake wawili waliungana nao, Marta na mwenzake mwembamba mwenye kitambaa kilicholowa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa huyo alikuwa nani.

Lemburis aliwapitisha kando ya mfereji, akavuka gogo, akaingia kwenye kipande kipya cha shamba ambako miche ya kahawa ilikuwa imepandwa mistari kwa mistari, imenyooka kama askari. Akahesabu kwa midomo. Akasimama.

"Hapa," alisema. "Walipanda juu yake siku ya tatu."

Udongo ulikuwa sawa na mwingine wowote. Hövel alivua kofia. Weidlich alifungua kinywa, na Mweusi yule, bila kumtazama, akainua mkono, na Weidlich akafunga.

Namnyaki hakulia. Alipita katikati ya Wazungu kama anayepita katikati ya miti. Alipiga magoti topeni, akashika mche wa kwanza kwa mikono miwili, akaung'oa na mizizi yake, akaulaza kando. Akaushika wa pili. Mali ya Mzungu, mbele ya mwenyewe, mchana kweupe, na askari wa boma amesimama pale pale.

Alipofika mche wa nne, ambao ulikuwa mgumu, Sumari aliweka bunduki yake chini, akapiga magoti upande wa pili, akavuta naye.